Utaratibu wa kanisa humhesabu hata wa daraja la tatu



Fungua Biblia yako, Matendo ya Mitume sura ya 27, ile safari ya Paulo kwenda Rumi. Ukifika mstari wa 37 utakuta jambo ambalo wengi tunalipita haraka, kama tunavyoyapita yale majina magumu ya kitabu cha Hesabu. Meli imepigwa na dhoruba siku 14. Watu hawajala. Jua na nyota havijaonekana kwa siku nyingi, na matumaini ya kuokoka yamekwisha kupotea. Katika hali hiyo Luka anasimama na kutupa idadi: waliokuwamo melini walikuwa watu 276. Yumo nahodha na mwenye meli, wamo askari na akida wao Yulio, na wamo wafungwa, ambao muda mfupi baadaye askari watataka kuwaua wasije wakaogelea na kutoroka. Wote wamo katika hesabu moja.

Sisi wa Kanda ya Ziwa mstari huu unatuhusu kuliko tunavyodhani. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia Mwanza, orodha ya abiria ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Meli yenyewe uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa walizidi 800, na mpaka leo idadi hiyo hutajwa kwa namna mbalimbali, maana ni vigumu kuwahesabu baada ya ajali watu ambao hawakuandikwa kabla ya safari. Baadhi yao wamelala pale Igoma. Aliyepanda na mikungu yake ya ndizi kuja kuuza mjini alilipa nauli kama wenzake wa juu, lakini hakuna aliyeuliza jina lake.

Nimeanza na meli kwa sababu nataka tuzungumze juu ya utaratibu, na najua neno hilo likitajwa kanisani watu huanza kuangalia saa. Tunawaza katiba, kamati, mihtasari, kikao cha wazee kinachoanza saa nane na kwisha saa mbili usiku. Wapo pia ndugu zetu wanaoamini kwamba utaratibu na Roho Mtakatifu haviketi benchi moja. Kwamba ukiandika ratiba umemfungia Mungu mlango. Mimi naona kinyume chake. Utaratibu wa kanisa, ukiwa ni wa kweli, ni ile orodha ya Luka: ni namna ambavyo upendo unamkumbuka mtu ambaye bila hiyo angesahauliwa.

Angalia Korintho. Kanisa lile halikukosa Roho. Paulo anakiri mwanzoni kabisa mwa waraka wake wa kwanza kwamba karama zilikuwa tele. Lakini soma sura ya 11. Walikutana kwa chakula cha Bwana. Waliowahi wakala na kunywa, wengine wakilewa, na waliochelewa wakakuta masufuria matupu. Ni nani huwahi? Ni yule asiye na bwana wa kumwomba ruhusa. Mtumwa na kibarua hufika mwisho. Fikiria mama anayeanika dagaa kwenye mwalo: hawezi kuondoka dagaa hawajakauka na mawingu yanakuja. Atafika giza limeingia, mikono ikinuka kazi yake, na atakuta wenzake wameshasema amina. Paulo hakuwaambia Wakorintho waongeze maombi. Aliwaambia wangojeane. Ni kanuni ya saa tu, kanuni ndogo isiyo na utukufu wowote, lakini kutoifuata aliona ni kulidharau kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu.

Anapofika sura ya 14 na kutaka kila jambo la ibada liwe na adabu na mpango, ni mkono uleule. Watu walikuwa wakisema kwa pamoja, kila mmoja na ufunuo wake. Akataka wasikilizane kwa zamu, ili wote wajifunze na wote watiwe moyo. Neno la kushika hapo ni hilo wote.

Habari inayofanana na hiyo tunaikuta Yerusalemu, Matendo sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Hatuambiwi kwamba kulikuwa na mtu mwovu aliyekusudia kuwanyima. Yaelekea waliogawa waliwafahamu wajane wa lugha yao, wakaanza na hao, na chakula kikaisha. Manung'uniko yakatokea. Mitume hawakusema wanaonung'unika wana roho ya uasi. Hawakuhubiri juu ya kunyenyekea. Waliita mkutano, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wasimamie jambo hilo, na mkutano ukachagua. Sasa soma majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao wa Antiokia. Yote ni ya Kiyunani. Kanisa liliwakabidhi kapu wale wale waliokuwa wakilalamika. Sijui ni usharika gani leo ungethubutu. Na baadaye, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, tunaona kanisa limeshakuwa na daftari la wajane, na masharti ya nani aandikwe. Kazi ya mapenzi imekuwa kazi ya kalamu, na hakuna aliyeona kuwa ni upungufu wa imani.

Lakini Luka anaweka neno jingine mwanzoni mwa habari hiyo, nalo ndilo linanisumbua. Anasema manung'uniko yalizuka wanafunzi walipokuwa wakiongezeka. Walipopigwa viboko na baraza, sura moja tu nyuma, walitoka wakifurahi pamoja. Matatizo yalikuja kanisa lilipostawi, kulipokuwa na kitu cha kugawana.

Ziwa letu lina habari ya namna hii, nayo ilipita hapa hapa kwetu. Wamisionari wa Kianglikana walifika Kageye, si mbali na Mwanza ya leo, mwaka 1877, wakiwa njiani kwenda Buganda. Wakatoliki, wale Mapadri Weupe, wakafuata mwaka 1879. Kwa miaka kadhaa Alexander Mackay na Padri Siméon Lourdel walibishana mbele ya Kabaka Mutesa, kila mmoja akionyesha kuwa mwenzake anapotosha watu. Mutesa akafa, akaja mwanawe Mwanga, na mwaka 1886 mabishano yale yakanyamazishwa na moto. Juni 3 mwaka huo, pale Namugongo, vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana walichomwa siku moja, mahali pamoja. Waliowachoma hawakujali nani alibatizwa na nani.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 1888, baada ya mapinduzi ya ikulu, wamisionari wa pande zote mbili walifungwa pamoja, kisha wakafukuzwa nchini. Walipakiwa katika mashua moja, mashua ya Waanglikana iliyoitwa Eleanor. Humo alikuwamo Gordon na Walker wa upande wa Kianglikana, na Askofu Livinhac na Padri Lourdel wa upande wa Kikatoliki, na vijana waliokuwa nao. Njiani kiboko akaitoboa mashua. Baadhi ya vijana wakafa maji. Waliobaki wakaitengeneza mashua wakaendelea na safari, siku baada ya siku, mpaka huku kusini mwa ziwa. Wakatoliki wakashukia Bukumbi, wilaya ya Misungwi ya leo, kwenye misheni yao. Waanglikana wakaenda Usambiro, alikokuwa Mackay. Na kama hiyo haitoshi, Mwanga mwenyewe, aliyekwisha kupinduliwa, alikimbilia Magu, na kutoka Magu akaja kujificha kwa mapadri Bukumbi. Yule yule aliyeamuru watoto wao wa kiroho wachomwe alikula chakula chao.

Natamani habari ingeishia hapo. Ingekuwa mahubiri mazuri sana.

Wakristo wa Buganda, Wakatoliki na Waprotestanti, waliungana mwaka 1889 wakapigana kumrudisha Mwanga, na mwanzoni mwa 1890 alikuwa amekaa tena Mengo. Wakashinda. Hapo ndipo wakakaa kugawana vyeo: cheo hiki cha upande huu, kile cha upande ule. Wakawekeana na sharti kwamba chifu akibadili dhehebu aachie cheo chake pamoja na ardhi iliyokwenda nacho. Hebu litafakari sharti hilo, msomaji. Mtu akisadiki jambo jipya katika sala yake ya usiku, asubuhi amepoteza shamba. Watu wakaanza kuitwa Wafaransa na Waingereza, ilhali wote walikuwa Waganda, wengine wa ukoo mmoja.

Januari 1892 kukatokea ugomvi juu ya bunduki moja. Mprotestanti akauawa na Mkatoliki. Kabaka akamwachia aliyeua. Upande wa pili ukakataa hukumu. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza akawagawia Waprotestanti silaha. Tarehe 24 vita vikapiganwa Mengo. Misheni ya Rubaga ikateketezwa. Siku chache baadaye Wakatoliki waliokimbilia kisiwa cha Bulingugwe walishambuliwa kwa mzinga wa Maxim, na wengi wakafia majini, katika ziwa lile lile ambalo miaka mitatu na ushei nyuma liliwabeba wamisionari wao katika mashua moja. Januari 24 ya mwaka huo ilikuwa Jumapili.

Mtu anaweza kusema kwamba siasa za wakoloni ndizo zilizowagombanisha. Zilichangia, sikatai, mzinga ule haukutengenezwa Rubaga. Lakini sharti la ardhi waliliweka wenyewe. Utaratibu walikuwa nao, tena wa makubaliano. Kasoro yake ni kwamba ulihesabu viti, haukuhesabu watu. Tena hakukuwa na mtu mmoja ambaye pande zote mbili zingepeleka shauri kwake na kukubali atakachosema. Mwamuzi aliyekuwapo alikuwa amekwisha kuhesabiwa kuwa wa upande mmoja. Siku ilipotokea kesi moja ya bunduki moja, ikawa vita.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wetu tuliozaliwa vijijini tunakumbuka kanisa likisali chini ya mwembe, au katika darasa la shule ya msingi lililoazimwa, watoto wakikalia matofali. Wakati huo hakuna aliyegombea kuwa mweka hazina, maana hazina yenyewe ilikuwa kikapu. Mwinjilisti alilipwa mihogo. Mtu akiugua, nusu ya waumini walilala kwake. Kisha Bwana akabariki. Ukuta ukapanda, mabati yakapatikana, kiwanja kikapimwa, vyumba vya kupangisha vikajengwa upande wa barabarani, kwaya ikarekodi. Na hapo ndipo tukasikia ya kusikia: wazee wamegawanyika, mchungaji amekatazwa kupanda madhabahuni, mlango una makufuli mawili ya watu wawili tofauti, na Jumapili asubuhi polisi wamesimama uwanjani wakati shule ya Jumapili inapita na Biblia zake kwapani. Msajili wa Vyama anazifahamu jumuiya zetu nyingine kwa majalada kuliko kwa matendo mema.

Sisemi tumshukuru Mungu kwa umaskini. Nasema mwembe haukuhitaji hati, ila nyumba yenye vyumba vya kupangisha inahitaji. Makanisa mengi yalihama kutoka mwembe kwenda ukutani bila kuhamisha na kitabu. Yalipokuwa maskini, mwenye moyo alishika fedha na hakuna aliyemuuliza, na ilikuwa sawa. Yalipopata, aliendelea kushika na hakuna aliyemuuliza, na haikuwa sawa tena, hata kama hakuiba senti. Kusoma mapato na matumizi mbele ya waumini kila robo mwaka ni kumlinda mtunza fedha asisingiziwe, na kumheshimu mjane aliyetoa shilingi 500 kwamba na yeye ana haki ya kujua paa limefikia wapi.

Katika haya yote, umoja hauna maana ya watu wote kukimbilia upande mmoja. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipokuwa inakaribia Bwisya kisiwani Ukara, ikiwa imejaza zaidi ya uwezo wake wa watu 101, abiria walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Ilipinduka nchi kavu ikionekana. Walikufa watu 228. Nimesikia mara nyingi kiongozi akisema kanisani, "tuwe na umoja," akimaanisha, "msiulize." Umoja wa namna hiyo ni kusogea upande wa gati. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na wanung'unikaji na likabaki moja, kwa sababu manung'uniko yao yalipewa mahali pa kukaa.

Ipo na hatari ya upande mwingine, nayo imo katika sura ile ile ya 27. Usiku ule mabaharia walishusha mashua ndogo wakijifanya wanakwenda kutupa nanga, kumbe wanataka kujiokoa peke yao. Paulo, mfungwa, akamwambia akida kwamba hao wakiondoka, ninyi mliobaki hamtaokoka. Askari wakakata kamba, mashua ikaanguka ikachukuliwa na maji. Huwa nawafikiria mabaharia wale ninapoona bango jipya la kanisa jipya, mita mia mbili kutoka lile la zamani, jina likiwa na neno moja limeongezwa. Si kila anayeondoka ni mwasi. Wengine wamefukuzwa na dhuluma, na historia ya kanisa inawajua waliolazimika kuondoka. Lakini wengi wanaondoka na ujuzi ambao meli iliuhitaji. Fundi wa hesabu anaondoka kwa sababu hesabu ni mbovu. Basi nani atazinyoosha?

Niseme na juu ya nidhamu, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu ndipo tunapoumizana zaidi.

Miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, wakulima wenzao waliosimama pale na kupima upya mfuko wa kila mtu. Kutokana na harakati hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, vikajengwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao mkubwa wa Victoria Federation, makao yake hapa Mwanza. Chanzo chake kilikuwa kudai jiwe la mizani liwe lile lile kwa kila mtu. Kitabu cha Mithali kinasema mara kadhaa kwamba Bwana anachukia mizani ya hila, na mimi siamini kuwa kinazungumzia sokoni tu.

Tazama namna tunavyotia nidhamu. Binti wa kwaya anapata mimba. Jumapili inayofuata jina lake linasomwa, ametengwa, hatashiriki Meza ya Bwana, sare arudishe. Kijana aliyempa mimba, ambaye wakati mwingine yuko kwaya hiyo hiyo sauti ya nne, anaendelea kuimba. Mzee mwenye mitumbwi sita na nyumba ndogo Igombe anayejulikana na kila mtu anaketi kiti cha mbele siku ya harambee, na anaitwa kwa jina kamili na cheo. Halafu tunashangaa vijana wanaposema kanisa lina unafiki. Mfuko wa binti umepimwa kwa jiwe zito, wa mzee haukupandishwa kwenye mizani kabisa. Yakobo katika sura yake ya pili aliliona jambo hili kwa macho ya kuingilia mlangoni: mwenye pete anapewa kiti, mwenye nguo chakavu anaambiwa asimame kule. Aliliita dhambi, wala hakulipunguza kuwa kasoro ya itifaki.

Nidhamu yenyewe, mpendwa, ni amri ya Bwana wala hatuwezi kuifuta kwa sababu tumeitumia vibaya. Mathayo 18 imetoa njia yake hatua kwa hatua. Ndugu yako akikukosea, nenda kwake, ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia hao, liambie kanisa. Na asiposikia kanisa, ndipo awe kama mtu wa nje. Siku hizi tumeigeuza. Hatua ya kwanza ni kundi la WhatsApp la usharika, saa tano usiku. Hatua ya pili ni kunukuu ujumbe huo katika kundi la wazee. Mwenye kukosa analetewa kosa lake na shemeji yake aliye Shinyanga. Mpaka mtu aje kwake ana kwa ana, ameshajenga ukuta, na ni nani angemlaumu? Hatua ile ya kwanza, ya wawili peke yao, Bwana aliiweka ili jina la mtu lisiharibiwe kabla hajasikilizwa. Ni utaratibu wa kumhesabu hata mkosaji.

Niongeze jambo ambalo lisiposemwa hapa litatumika vibaya. Mathayo 18 haikuwekwa ili kuficha uhalifu. Mtoto akiguswa vibaya na mtu mzima wa kanisa, hapo hatuketi ofisini kwa mchungaji kuzungumza "kindugu" na kumlipa mzazi wake nauli. Hiyo ni kesi ya polisi, siku hiyo hiyo. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushtakiana mahakamani juu ya mali, akawauliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa kuliko hivyo. Aliwauliza watu wazima kuhusu vitu vyao wenyewe. Hakuna mahali aliposema mtoto akubali kudhulumiwa ili jina la kanisa lisichafuke.

Na nidhamu ina upande wa pili ambao tunausahau kabisa, nao ni kumaliza. Tunajua kumtenga mtu. Kumrudisha hatuna haraka. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya pili, Paulo anaandika juu ya mtu aliyeadhibiwa na wengi, na anasema imetosha. Anawataka wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Anaogopa kwamba wasipofanya hivyo Shetani atapata faida, yaani adhabu iliyowekwa kumponya mtu itamwua. Usukumani, mtu asiyehudhuria misiba hutozwa na kijiji, na akikaidi hutengwa, hata akifiwa watu hawaji. Lakini akilipa faini na kuomba radhi, jambo limekwisha. Msiba unaofuata anachimba kaburi na wenzake, wala hakuna anayemkumbusha. Kijiji kisichodai kuokoka kinajua siku ya kufuta deni.

Wapo katika makanisa yetu watu waliotengwa miaka mitano iliyopita. Adhabu ilikuwa ya miezi sita. Miezi sita ilipokwisha mchungaji alikuwa amehamishwa, katibu amebadilika, daftari liko kwa mtu aliyehamia Sengerema. Mwenyewe aliona aibu kuja kuuliza, na kanisa halikuona haja ya kwenda kumwita. Jumapili yuko nyumbani, anasikia kipaza sauti. Watoto wake wanabatizwa kwa udhamini wa jirani. Kwenye takwimu za mwaka anahesabiwa, pengine mara mbili, lakini kwenye Meza jina lake halipo.

Katika baadhi ya sharika zetu kumrudisha mtu kuna ibada yake, fupi tu, haizidi dakika kumi. Anaitwa kwa jina, anasimama mbele, mzee mmoja anasimama pembeni yake asiwe peke yake. Anaulizwa swali moja, anajibu. Mchungaji anamshika mkono, kisha wazee, kisha waumini wanapita mmoja mmoja, wengine wanalia, kwaya inaimba ikiwa imeketi. Baada ya ibada katibu anafungua daftari la washiriki, anatafuta ukurasa ambao jina lilipigwa mstari, na chini kabisa, baada ya majina ya waliobatizwa mwaka huu, anaandika jina hilo upya, na tarehe.